Mchora Picha wa Mlima Mikeno

Ukisimama Kalengera siku ya anga safi, waona Mlima Mikeno upande wa kusini. Zamani Mmarekani mmoja, William Leigh, aliukwea ili auchore. Alizaliwa mwaka 1866, akajifunza kuchora huko Munich, Ujerumani.

Mwaka 1926 alikuja Kongo na rafiki yake Carl Akeley, aliyetaka kuwaonyesha watu wa New York jinsi gorila wakaavyo msituni. Lakini Akeley aliugua mlimani, akafa tarehe 17 Novemba, akazikwa huko huko. Safari ingalikwisha hapo. Leigh, mzee wa miaka 60, hakurudi; alibaki katika baridi ile, akachora. Na huko juu ukungu haukawii kushuka! Mchoraji hana budi kungoja mpaka milima ionekane, kisha achore upesi.

Baadaye, katika nyumba ya makumbusho ya New York, alipaka rangi ukuta wa nyuma ya gorila wa Akeley. Jumba lao lilifunguliwa mwaka 1936. Mwaka 1938 akatoa kitabu cha safari zake, chenye picha alizochora mwenyewe.

Leigh alikufa mwaka 1955. Michoro na maandiko yake yamewekwa katika makumbusho ya Gilcrease, mjini Tulsa. Gorila wangali wamesimama New York, na nyuma yao ipo milima yetu ya moto.