De Heinzelin, mwanajiolojia aliyefukua mfupa wa hesabu Ishango

Beni na Butembo husikika zaidi katika habari za vita. Wanahisabati, hata hivyo, wanalijua eneo hilo kwa mfupa mmoja mdogo uliofukuliwa na Mbelgiji Jean de Heinzelin.

Mwanajiolojia huyo alizaliwa mwaka 1920. Mwaka 1950 alichimba Ishango, wilaya ya Beni, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Alipata mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye alama zilizochongwa katika safu tatu.

Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20, yaani zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu.

Mwaka 1962 aliandika katika jarida la Scientific American kwamba waliochonga walijua hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Wengine husema namba tasa hizo ni bahati tu, kwani kuzitambua kunahitaji kujua kugawanya. Mjadala haujaisha.

Yeye alikadiria umri wa miaka chini ya 11,000; vipimo vya baadaye vimeufikisha takriban 20,000.

De Heinzelin, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ghent, alifariki dunia mwaka 1998. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana kwa kompyuta. Mfupa wa Ishango bado uko Brussels. Mwanafunzi wa Beni anayetaka kuzihesabu alama zake kwa macho yake hana budi kusafiri hadi Ulaya.