Kenyatta alivyoingia masomo ya uzamili bila digrii

Kama umeitwa chuo kwa masomo ya uzamili mwaka huu, najua wiki yako inavyoenda. Unakimbizana na nakala za vyeti, unatafuta chumba ambacho hakitakumaliza, unamwandikia mhadhiri ambaye hajibu, na usiku unajiuliza karo ya muhula wa pili itatoka mfuko wa nani. Hebu weka simu chini kidogo nikusimulie habari za mwanafunzi mmoja aliyefika kwenye mlango kama huo mwaka wa 1935, jijini London. Digrii ya kwanza hakuwa nayo. Masomo yake rasmi yalikuwa yameanzia misheni ya Thogoto, na mengine aliyadokoadokoa ukubwani huku na kule. Umri wake mwenyewe hakuujua kwa hakika, lakini alikuwa anakaribia miaka 40, ana mke na watoto wawili Kenya, na kodi ya nyumba inamkaba shingoni. Huenda sura yake unayo mfukoni sasa hivi, kwenye sarafu ya zamani.

Ndiyo, Mzee Jomo Kenyatta. Lakini toa kwanza akilini yule mzee wa usinga na kofia. Huyu ninayekwambia alikuwa anaitwa Johnstone, na alikuwa anabangaiza kama wewe tu.

Ya utotoni nitayapitia mbio kwa sababu uliyasoma shuleni. Alizaliwa Kamau wa Ngengi huko Kiambu, akaingia misheni ya Waskoti Thogoto mwaka wa 1909, akabatizwa Johnstone mwaka wa 1914. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, idara ya maji. Alikuwa karani wa stoo na msoma mita. Usicheke. Alilipwa shilingi 250 kwa mwezi, na wakati huo hiyo ilikuwa pesa nzito kwa Mwafrika. Alikuwa na nyumba, na ule mshipi wake wa shanga ambao wengi husema ndio uliompa jina la Kenyatta. Kwa lugha ya leo, jamaa alikuwa ameshajipanga.

Kisha akayaacha hayo yote. Mwaka wa 1928 akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania. Kilio cha chama kilikuwa kimoja kikubwa: ardhi ambayo walowezi walikuwa wameichukua. Mwaka wa 1929 alitumwa London kupeleka kilio hicho, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka wa 1931 akatumwa tena. Safari hiyo ya pili ndiyo iliyomweka ughaibuni miaka 15. Hata yeye hakujua itakuwa hivyo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka uwe makini. Kenyatta hakwenda London kusoma. Alikwenda kupeleka malalamiko, na akagundua kwamba malalamiko ya msoma mita kutoka Nairobi hayasikilizwi. Mwaka wa 1932 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Carter iliyochunguza suala la ardhi ya Kenya, na ripoti ilipotoka mwaka wa 1934 walowezi walibaki na nyanda zao za juu. Kule, mtu aliyesikika akizungumzia Wagikuyu alikuwa mmisionari, au mtawala mstaafu, au msomi aliyekaa kijijini miezi michache na daftari. Mgikuyu mwenyewe alichukuliwa kama kitu cha kuzungumziwa.

Kwa hivyo akaanza kujikusanyia masomo kipande kwa kipande. Alipitia Woodbrooke, chuo cha Waquaker mjini Birmingham. Alikwenda Moscow akasoma kwenye chuo ambacho Wakomunisti walikifungulia watu wa makoloni. Aliporudi London mwaka wa 1933 hakuwa na kazi, na pesa kutoka kwa chama zilikuja zikipenda. Mwaka uliofuata aliigiza kwenye filamu iitwayo Sanders of the River, mmoja wa Waafrika na Weusi wengine wapatao 250 waliolipwa kusimama nyuma ya Paul Robeson na kujifanya kijiji cha Afrika, wakiwa studio za Shepperton, Uingereza! Filamu yenyewe iliishia kuusifu ukoloni. Lakini mwenye njaa hachagui kibarua, na wewe unayeandikia watu kazi zao za chuo kwa malipo unalijua hilo kunishinda.

Mwaka wa 1935 mambo yakaanza kushika. Januari alijiandikisha University College London, kozi ya Kiingereza, akaimaliza Julai. Oktoba akaingia kozi ya fonetiki. Wakati huo huo alikuwa na kibarua katika idara hiyo hiyo ya fonetiki. Mhadhiri mmoja, Lilias Armstrong, alikuwa anachunguza Kigikuyu. Ile ni lugha ya toni: ukipandisha sauti mahali pa kuishusha, umesema neno lingine kabisa. Huwezi kuliandika hilo kutoka kwenye vitabu, lazima uwe na mdomo wa mwenyewe mbele yako. Mdomo huo ulikuwa wa Kenyatta. Alitamka, akarudia, akarekodiwa, kuanzia 1935 hadi 1937. Kitabu kilipotoka mwaka wa 1940, Armstrong akiwa ameshafariki, kilibeba jina la Armstrong peke yake. Kenyatta alishikilia kwamba naye alistahili kutajwa kama mwandishi mwenza. Mimi niko upande wake. Kama umewahi kumkusanyia mkubwa wako data halafu ukaitafuta shukrani kwa tochi, nafikiri nawe uko upande wake.

Lakini jambo kubwa lilikuwa mtaa mwingine, London School of Economics, kwenye semina ya Bronislaw Malinowski.

Huyu Malinowski alikuwa jina kubwa katika anthropolojia. Alikuwa Mpolandi, mzaliwa wa Kraków, na naye alifika chuo hicho hicho mwaka wa 1910 akiwa mwanafunzi mgeni kutoka nje. Umaarufu wake ulitokana na kuishi kwenye visiwa vya Trobriand, kule karibu na Papua, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akijifunza lugha ya wenyeji badala ya kuwauliza maswali kupitia mkalimani. Alichofundisha, kwa ufupi sana, ni kwamba desturi za watu si takataka zilizorundikana. Kila moja ina kazi yake na imeshikamana na nyingine. Ukiing'oa moja, unatikisa nyumba nzima.

Fikiria Kenyatta akisikia hayo! Amekuja kutetea ardhi, na hapa kuna profesa anayesema kwa lugha ya kisayansi kwamba huwezi kumtoa mtu kwenye ardhi ya ukoo wake bila kuvuruga ndoa, dini, sheria na malezi. Hilo alikuwa analijua tangu utotoni. Alichokosa ni namna ya kulisema ili wenye meza walisikie.

Tatizo likawa karatasi. Kozi ile ya uzamili ilitaka sifa ambazo hakuwa nazo. Malinowski ndiye aliyemfungulia, kwa sababu aliamini watu wanaochunguzwa wanapaswa nao kuwa wachunguzi. Karo na matumizi yakapigwa jeki na ruzuku ya International African Institute. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba katika uzamili msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo, usidhani ni maneno ya vijiweni. Bila profesa mmoja aliyekubali kuweka jina lake rehani, faili la Kenyatta lingerudishwa dirishani.

Darasani alikaa na nani? Kulikuwa na Audrey Richards na Lucy Mair, waliokuja kuwa wakubwa katika fani hiyo. Kulikuwa na Prince Peter wa Ugiriki, mtoto wa kifalme kabisa, ambaye mwaka wa 1936 alimwalika Kenyatta Paris kwa mama yake, Princess Marie Bonaparte. Na semina hiyo ilimpitisha pia Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Thika, ambaye mwaka huo wa 1935 alitoa kitabu cha kumsifu Lord Delamere, kinara wa walowezi. Unaona jinsi ilivyokuwa? Mtoto wa aliyenyang'anywa na mtoto wa waliopewa, semina moja, wakijifunza namna ya kuandika kuhusu watu wale wale. Baadaye Huxley aliandika riwaya yake kuhusu Wagikuyu, ikatoka mwaka wa 1939. Kenyatta alimtangulia kwa mwaka mmoja.

Hapo semina hapakuwa na kubembelezana. Ukisoma karatasi yako, inachanwa mbele yako. Kenyatta alisoma moja kuhusu kutahiriwa kwa wasichana, jambo lililokuwa limewagawanya Wagikuyu na wamisionari mwaka wa 1929. Aliitetea desturi hiyo, akasema ndiyo inayoshikilia rika na malezi yote. Sikubaliani naye hata kidogo, na ukitaka ujue kwa nini waulize wasichana wenyewe. Lakini kama unataka kumwelewa mtu huyu, lazima umwone pale amesimama: alikataa kuuza chochote cha kwao mbele ya wageni, hata kile ambacho kingemfanya apendwe.

Jioni akitoka huko alirudi 95 Cambridge Street, Pimlico, karibu na kituo cha treni cha Victoria. Leo ukutani pana bamba la buluu lenye jina lake. Wakati ule jina lake lilikuwa kwenye daftari la madeni. Alikaa zaidi ya mwaka bila kumlipa mama mwenye nyumba, deni likapita pauni 100. Piga hesabu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hivyo ni zaidi ya shilingi 2,000, mshahara wa miezi minane wa ile kazi ya maji aliyoiacha Nairobi. Rafiki yake William McGregor Ross, Mwingereza aliyewahi kuwa mkuu wa ujenzi wa umma Kenya na aliyekuwa akimsaidia siku nyingi, alikasirishwa na hilo na urafiki ukaanza kuvunjika. Hapa simtetei Mzee. Yule mama naye alikuwa na bili zake, na kitabu kizuri hakilipi kodi ya mtu mwingine.

Baadaye alihamia Camden Town, wakagawana nyumba na Dinah Stock, mwanamke Mwingereza waliyekutana kwenye mkutano wa kupinga ukoloni, Trafalgar Square. Stock ndiye aliyemsaidia kunyoosha maandishi. Insha za semina zikageuka sura, sura zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kikatoka mwaka wa 1938, Malinowski akiwa ameandika utangulizi. Kwenye picha ya mwandishi hakuvaa suti. Alivaa joho la ngozi na kushika mkuki. Na hapo ndipo Johnstone aliachwa nje, jina likawa Jomo. Ndani ya kitabu, katikati ya mambo ya ukoo na mashamba, alitia hadithi ya ndovu aliyeomba kuingiza mkonga tu kibandani mwa mtu, na tume ya wanyama iliyokuja kuamua kesi hiyo. Kila aliyejua Tume ya Carter alielewa.

Ziliuzwa nakala 517.

Hakutajirika, hakualikwa kwa Waziri Mkuu. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 alikwenda kijiji cha Storrington, Sussex, akafanya kazi shambani na kutoa mihadhara kwa wanajeshi. Alimwoa Edna Clarke mwaka wa 1942, akapata mtoto, na Septemba 1946 akashuka meli Mombasa akiwaacha wote wawili Uingereza. Yaliyofuata unayajua: ualimu mkuu Githunguri, kukamatwa Oktoba 1952, Kapenguria, uhuru, Ikulu. Kwamba mtu aliyekitabaruku kitabu chake kwa vijana walionyang'anywa aliongoza nchi ambamo wengi wao walikufa bila shamba, hiyo ni makala nyingine, na si fupi.

Alifariki Mombasa, Agosti 22, 1978. Miaka minane kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa, chansela wake wa kwanza alikuwa yeye. Wahitimu walipanga mstari na majoho yao, na aliyewatunuku digrii alikuwa yule msoma mita ambaye ya kwanza hakuwahi kuisomea.