Majid Musisi: Mshambuliaji Aliyeiachia Bursa Mamba

Baada ya swala ya Alasiri, katika viwanja vya vumbi vya Kisaki mkoani Morogoro, kama ilivyo kwingineko Afrika Mashariki, vijana hukimbiza mpira wakiota kucheza Ulaya. Leo ndoto hiyo ni ya kawaida. Miaka ya 1980 haikuwa hivyo, na miongoni mwa walioonesha kuwa inawezekana ni marhum Majid Musisi wa Uganda, aliyezaliwa tarehe 15 Septemba 1967.

Jina alilipata SC Villa ya Kampala, klabu iliyotwaa ubingwa wa Uganda mara tano mfululizo, tangu 1986 hadi 1990. Mwaka 1991 Villa ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Kule Tunis, Club Africain iliwafunga mabao 6-2, na sare ya 1-1 ya marudiano mjini Kampala haikuweza kuwaokoa.

Mwaka 1992 Musisi alikwenda Rennes, Ufaransa, klabu hiyo ikiwa daraja la pili. Miaka miwili baadaye akahamia Bursaspor ya Uturuki.

Ndugu msomaji, Bursa si mji mgeni katika historia ya Uislamu. Ulikuwa mji mkuu wa awali wa dola ya Uthmaniya, na msikiti wake mkuu ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14. Katika mji huo Musisi alikumbukwa kwa jambo ambalo hakuna kocha aliyelifundisha. Baada ya bao, yeye na wenzake walijipanga nyasini mmoja nyuma ya mwingine, wakatambaa kama mamba. Mashabiki waliupenda mno utani huo, hata mamba akawa alama ya klabu, na uwanja mpya uliofunguliwa 2015 ukapewa umbo la mnyama huyo. Sidhani kama kila mtoto wa Bursa anayemshangilia mamba analijua jina la Mganda huyu.

Baadaye alichezea Dardanelspor, pia ya Uturuki, kisha akafika hadi Vietnam kabla ya kurejea nyumbani.

Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 38, Mwenyezi Mungu amrehemu. Uwanja wa mamba ulikuwa bado haujaanza kujengwa.