Mwalimu Nyerere mbele ya hakimu

Zamani za mkoloni, hapa Ufipa kama katika wilaya nyingine za Tanganyika, Bwana Shauri alikuwa mtawala na tena hakimu. Nani angemshitaki? Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika kijigazeti cha Sauti ya TANU kwamba mabwana shauri wawili wanapotosha haki. Akashitakiwa kwa kashfa jijini Dar es Salaam. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, lakini akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa, akarudi kazini. Mwaka 1961 nchi ikawa huru. Alifariki mwaka 1999, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Nasi tunaoandika, tuwe tayari kuyajibia tuyaandikayo.