Skinner, Mwalimu wa Njiwa

Sisi wanaisimu tuna dhambi moja. Tumtajapo B.F. Skinner mbele ya wanafunzi, humtaja kama bondia aliyeangushwa. Twasema kwamba mwaka wa 1957 alitoa kitabu kilichodai kuwa lugha hupatikana kwa mazoea na tuzo, na kwamba mwaka wa 1959 Noam Chomsky alikichambua asikisaze. Somo huishia hapo. Nami nimelifundisha hivyo kwa miaka, nikiwanyima walimu watarajiwa ile sehemu ya habari inayowahusu zaidi.

Skinner alizaliwa tarehe 20 Machi, 1904 katika mji mdogo wa Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Babake alikuwa wakili. Alihitimu katika Kiingereza mwaka wa 1926 akinuia kuwa mwandishi, akajaribu, akashindwa, ndipo akageukia saikolojia. Chuo Kikuu cha Harvard kilimtunuku shahada ya uzamifu mwaka wa 1931.

Sifa yake ilianzia kwenye kisanduku chenye wenzo. Panya mwenye njaa alitiwa humo. Alipoubonyeza kwa bahati tu, chakula kilidondoka. Haukupita muda kabla ya panya huyo kuubonyeza kwa kusudi. Skinner hakujishughulisha na mawazo ya panya. Alichunguza kile kinachokifuata kitendo, akaona kwamba kitendo kinachotuzwa hurudiwa, na kisichotuzwa hufifia.

Hata hivyo, jambo lililonivutia zaidi lilitukia mwaka wa 1943, wakati wa vita. Katika ghorofa ya juu ya kiwanda cha unga mjini Minneapolis, yeye na wenzake walikuwa wakiwafunza njiwa kuongoza makombora, mradi ambao jeshi halikuutumia kamwe. Siku moja waliamua kumfunza njiwa kupiga mpira mdogo kwa mdomo. Walingoja aupige ili wamtuze. Hakuupiga. Basi wakamtuza kwa kuutazama tu, kisha kwa kuusogelea, kisha kwa kuugusa. Dakika chache baadaye njiwa alikuwa akiupiga mpira ukagonga kuta za sanduku.

Mbinu ndiyo hiyo: usimngoje mnyama akamilishe kazi ndipo umtuze, tuza kila hatua ndogo, tena papo hapo, maana tuzo ikichelewa huenda ukawa umetuza kitendo kingine. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, waliifanya biashara tangu 1947. Na kwa kuwa walikuwa wakweli, mwaka wa 1961 waliandika pia walikoshindwa: nguruwe waliofunzwa kutia sarafu kibubuni walirudia kuzifukua ardhini kwa pua, kama wafanyavyo nguruwe wote. Maumbile yana mipaka ambayo mwalimu wao hakuipima vyema. Lakini mbinu haikufa. Mjini Morogoro, Tanzania, panya buku hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini vivyo hivyo, kwa mlio mdogo na kipande cha chakula.

Mwaka wa 1953 Skinner alilitembelea darasa la hesabu la bintiye, akatoka amesononeka. Watoto wote walikokotwa kwa mwendo mmoja, na hakuna aliyejua papo hapo kama jibu lake lilikuwa sahihi. Alirudi akaunda mashine ya kufundishia. Msomaji mwalimu, je, wewe hurudisha madaftari yaliyosahihishwa baada ya siku ngapi?

Kuhusu adhabu hakuyumba. Alishikilia kwamba kiboko hakifuti tabia, bali huificha kwa muda, na humfunza mtoto kumkwepa mwenye kiboko. Nchini Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, lakini wapo walimu ambao wangali wanakishika, wakijikinga kwa methali ya mchelea mwana kulia. Nimewasikia wakidai kwamba bila kiboko hakuna masomo. Njiwa yule hakuchapwa hata mara moja.

Saratani ya damu ilimpata uzeeni. Tarehe 10 Agosti, 1990, akiwa amedhoofika, alisimama mbele ya wanasaikolojia wenzake akawahutubia. Makala ya hotuba hiyo aliyamaliza tarehe 18 Agosti, siku aliyofariki.