DAKTA LOUIS LEAKEY NA FUVU LA RUSINGA

Ukitaja kisiwa cha Rusinga hapa kwetu Homa Bay, wengi humkumbuka marehemu Tom Mboya, aliyezikwa huko mwaka 1969. Sawa, ni shujaa wetu. Lakini yuko mwingine aliyelipeleka jina la kisiwa hicho kwa wanasayansi wa dunia nzima. Huyo ni Dakta Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisheni Waingereza, ila yeye alicheza na watoto wa Kikuyu na kuongea Kikuyu kama wao. Alipenda sana ndege. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Cambridge alikubaliwa kutumia Kikuyu kama lugha yake moja ya mtihani. Hebu fikiria, huko nani angemsahihisha! Lugha hiyo hiyo ilimtia lawamani baadaye. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Mzee Kenyatta kule Kapenguria, upande wa Mzee ukalalamika kwamba anapendelea, akaiacha kazi hiyo.

Mwaka 1932 alipata taya huko Kanam, karibu na mlima Homa, akatangaza kwamba ni la binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 Profesa Boswell akaja kutoka Uingereza kuhakikisha. Lo! Vyuma vya alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyokuwa ameitoa Leakey ilikuwa ya mahali pengine. Alishindwa kuonyesha taya lilitoka wapi hasa. Boswell akamwandika vibaya, na jina lake likachafuka miaka mingi. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa lake mwenyewe, kwani alikuwa na haraka.

Hata hivyo hakuliacha ziwa letu. Mwezi wa Oktoba 1948 mkewe, Mary, aliona meno yakichomoza kwenye mteremko huko Rusinga. Wakachimbua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe asiye na mkia, wa miaka kama milioni 18 iliyopita.

Basi fuvu likapatikana, lakini mnyama huyo aliliaje? Aliwaitaje wenzake adui akija? Sauti haigeuki jiwe. Leakey aliona kwamba ukitaka kujua maisha ya wahenga wetu, lazima pia uwachunguze jamaa zao walio hai. Kwa hiyo alimtafutia pesa msichana asiye na digrii, Jane Goodall, akampeleka Gombe, Tanganyika, Julai 1960. Watu wengine walidhani ni mzaha.

Goodall alikaa na sokwe hadi wakamzoea, akajifunza milio yao: wa hofu, wa chakula, na ule mkubwa wa kuitana msituni, ambao kila sokwe ana namna yake. Mwaka 1967 mtaalamu Peter Marler alifika Gombe kuirekodi. Marler huyo huyo na wenzake walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wa Amboseli wana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka, kila mmoja mbali. Wakisikia wa chui hupanda mti, wa tai hutazama juu, wa nyoka husimama wima na kuchungulia nyasini.

Leakey hakuyasikia hayo ya tumbili. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Goodall naye alifariki tarehe iyo hiyo, 1 Oktoba, mwaka 2025.