Mozart na Misa Aliyoiacha Njiani

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756, akahamia Vienna mwaka 1781, akafariki huko tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na miaka 35. Mwaka huo wa mwisho alitunga Ave verum corpus, ambayo wanakwaya wengi tunaijua. Lakini Misa ya Wafu, aliyoagizwa na kabaila mmoja, Walsegg, kwa ajili ya marehemu mkewe, hakuimaliza. Sehemu ya mwanzo tu ndiyo iliyokamilika. Mjane wake Constanze, mwenye watoto wawili wadogo, alihitaji malipo yaliyobaki. Akaipeleka kwa Eybler, kisha kwa Süssmayr, aliyeimalizia.

Ndiyo maana rekodi zake hazifanani. Karl Böhm anafuata kazi ya Süssmayr. Hogwood anafuata toleo la Maunder, lililoondoa Sanctus kwa kuwa si ya Mozart. Süssmayr analaumiwa kwa makosa ya uandishi, na kweli yapo. Lakini Misa bila Mtakatifu? Sisi tunamchagua Böhm, ingawa mwendo wake ni wa polepole mno. Katika Lacrimosa, hata hilo halituchoshi.